Kufufua timu ya chuo iliyozoea kufungwa

Kocha mpya anapokabidhiwa timu ya futiboli ya Kimarekani iliyoshinda mechi mbili kati ya 12, swali la kwanza analoulizwa mjini ni kwotabeki atakuwa nani. Swali hilo lingoje. Kazi ya siku ya kwanza ni karatasi: majina yote ya wachezaji yaliyopangwa kwa nafasi, na mbele ya kila jina umri, uzito na misimu aliyobakiza. Timu inayofungwa kila wiki hujieleza kwenye karatasi hiyo kabla hujafungua video hata moja. Utakuta wapokeaji mpira 14 wenye mbio za ajabu, kisha ukishuka hadi safu ya mbele ya mashambulizi utakuta vijana sita tu waliotimiza miaka 20. Ugonjwa uko hapo.

Kwa msomaji ambaye mpira kwake ni Simba na Yanga, maelezo kidogo. Kila upande una watu 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani mita tisa na kidogo. Ikifaulu inapewa mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Mbele ya kwotabeki, ambaye ndiye mpangaji na mrushaji, husimama majabali watano. Ukimtoa yule wa katikati anayeanzisha mpira, hawaugusi, hawafungi, na majina yao hayaimbwi. Kazi yao ni kumpa kwotabeki sekunde tatu za kupumua, au kuwasukuma walinzi nyuma ili mkimbiaji apate kichochoro. Watano hao wakishindwa, hakuna mchoro wa kocha utakaofanya kazi, na kwotabeki uliyemsajili kwa mbwembwe atakuwa amelazwa chali kufikia robo ya pili.

Umri ni jambo zito kuliko watu wanavyofikiri. Sheria za vyuo zimempa mchezaji miaka mitano ya kucheza misimu minne, na tangu 2018 anaweza kuingia uwanjani katika mechi nne bila msimu huo kuhesabiwa. Kijana wa safu ya mbele asichezeshwe mwaka wake wa kwanza ila kwa dharura kabisa. Anaingia chuoni na miaka 18 na kilo 120. Anayemkabili Jumamosi ana miaka 22, kilo 140, na miaka minne ya kunyanyua vyuma. Kilo hizo 20 haziji kwa kula ovyo. Nusu kilo kwa wiki nje ya msimu ndiyo kasi inayokubalika. Ukizidisha unaongeza mafuta, vifundo vya miguu vinaanza kulalamika, na hatua inakuwa nzito. Piga hesabu: kilo 20 kwa nusu kilo ni wiki 40 za kazi safi, na mwaka wa mwanafunzi hauna wiki 40 safi. Kuna mechi, mitihani, majeraha, likizo. Ndiyo maana mtu wa safu ya mbele anahesabiwa miaka miwili na nusu, na kocha anayemwahidi mkurugenzi wa michezo kwamba atakuwa tayari baada ya mwaka mmoja anajifunga mwenyewe.

Hatua yenyewe tazama kwa karibu, maana ndani yake ndimo mechi zinamopotea. Mpira ukianzishwa, mguu wa kwanza unasogea sentimita 10 hadi 15 tu, na ukanyage chini kabla mikono haijamgusa mpinzani. Kuna zoezi la ubao, la kale na lisilo na gharama: ubao wa upana wa sentimita 30 na urefu wa mita mbili na nusu unalazwa kwenye nyasi. Mchezaji anasimama na miguu pande mbili za ubao, mwenzake ameshika ngao mbele yake, naye anamsukuma mpaka ubao uishe bila kuukanyaga. Akiukanyaga, maana yake miguu yake imekaribiana, na miguu ikikaribiana mtu wa kilo 140 anaangushwa na mtu wa kilo 110. Marudio sita kwa kila mmoja, dakika tano, kila siku ya mazoezi. Kosa la vijana karibu wote ni kuinuka mapema: kiuno kinapanda, kifua kinakuwa wazi, mikono inatua nje ya mabega ya mpinzani badala ya ndani. Wengine hutanguliza kichwa, na hilo likomeshwe siku hiyohiyo kwa ajili ya shingo na ubongo wao: kichwa juu, macho yaone, mikono ndiyo ifike kwanza.

Historia ya Kansas State inafundisha habari ya umri kuliko nyingine yoyote. Chuo hicho kiko Manhattan, mji mdogo wa jimbo la Kansas, katikati ya Marekani. Mwaka 1981 kocha Jim Dickey aliamua kuwahifadhi wachezaji wake kadhaa bora wasicheze, akakubali msimu mbovu wa ushindi mara mbili na kufungwa mara tisa, ili mwaka unaofuata awe na kikosi cha watu wazima. Hesabu ilikuwa sahihi. Mwaka 1982 walishinda sita, wakafungwa tano, wakatoka sare moja, wakaenda kwenye mechi ya baada ya msimu, wanayoalikwa waliofanya vizuri, kwa mara ya kwanza katika historia ya chuo. Lakini mwaka ule ulikuwa wa kukopa. Nyuma ya wale wakubwa hapakuwa na tabaka jingine la watu walioandaliwa, na 1983 timu ikaanguka tena. Kufikia 1987 na 1988 haikushinda hata mechi moja kwa misimu miwili mizima.

Bill Snyder alipochukua timu hiyo mwishoni mwa 1988 hakupata mteremko. Mwaka 1989 alishinda mechi moja tu, dhidi ya North Texas, 20-17, kwa mpira uliofungwa kwenye jaribio la mwisho kabisa la mechi. Ilikuwa Septemba 30, na ilivunja mfululizo wa mechi 30 bila ushindi. Kisha angalia mtiririko wa ushindi: 1990 tano, 1991 saba, 1992 tano, 1993 tisa. Kocha yeyote anayeanza kazi hii aibandike mistari hiyo ukutani kwa ajili ya ule mwaka wa 1992. Kurudi nyuma katika mwaka wa nne ni jambo la kawaida: wale wakubwa uliowaokoteza mwanzoni wamemaliza, na vijana wako wa sekondari bado wako nusu ya safari. Vyuo vingi humfukuza kocha hapo hapo, wakaanza upya na mtu mwingine, na karatasi ya majina ikarudi kuwa ileile ya wapokeaji 14. Kansas State walivumilia, na kuanzia 1993 wakaenda mechi za baada ya msimu miaka 11 mfululizo.

Kuhusu benchi la ufundi, tungependa watu waelewe kwamba makocha wasaidizi ndio timu. Katika kikosi cha Snyder cha miaka ile walipita Bob Stoops, Mike Stoops, Jim Leavitt, Mark Mangino na Brent Venables, na wote watano baadaye wakawa makocha wakuu wa vyuo vikubwa. Lakini vipaji pekee havitoshi, wakae pamoja. Mchoro uleule wa kukimbiza mpira upande wa kulia huitwa jina moja na mratibu huyu, yaani msaidizi anayesimamia mashambulizi au ulinzi, na jina jingine na mratibu yule. Mchezaji wa mwaka wa nne aliyebadilishiwa waratibu watatu amejifunza lugha tatu za jambo moja. Mpira unapoanzishwa anatafsiri kichwani kabla ya kukimbia, na kuchelewa nusu sekunde kunamgharimu yadi tatu. Watazamaji wanamwita mzito wa miguu, kumbe ni kichwa kilichorundikiwa maneno.

Lance Leipold alipoajiriwa na Chuo Kikuu cha Kansas, majirani na mahasimu wa Kansas State, ilikuwa Aprili 30, 2021. Mazoezi ya majira ya kuchipua yalikuwa ukingoni, na makocha wengi wangesema mwaka umekwisha. Aliziba pengo hilo kwa kuja na watu wake kutoka Chuo Kikuu cha Buffalo: Andy Kotelnicki kwa mashambulizi na Brian Borland kwa ulinzi, ambao alishakuwa nao Wisconsin–Whitewater, alikotwaa ubingwa wa taifa wa daraja la tatu mara sita. Hawakuhitaji kuelewana wao kwa wao. Walihitaji tu kuwafundisha vijana. Msimu wa kwanza ulikuwa 2-10, yaani kushinda mbili na kufungwa 10, wa pili 6-7, wa tatu 9-4.

Ndani ya ule msimu wa 2-10 kuna mechi moja ya kutazama. Novemba 13, 2021, mjini Austin dhidi ya Texas, Kansas walikuwa wamefungwa mechi 56 mfululizo za ugenini katika ligi yao ya Big 12. Katika muda wa nyongeza walifunga, na badala ya kupiga teke la pointi moja la kusawazisha wakaenda kutafuta pointi mbili za ushindi. Kwotabeki Jalon Daniels akiwa anakimbizwa aliurusha mpira kwa Jared Casey, kijana wa mji mdogo wa Plainville, Kansas, ambaye hakuwa hata na ufadhili wa masomo. Akaudaka. 57-56. Huyo Casey alikuwa mtu wa kuziba nafasi, wa aina ambayo timu mbovu huwa haijisumbui kuwaandaa. Kwenye karatasi ile ya majina, mtu wa aina yake anastahili mstari wake kama mwingine yeyote.

Tukirudi kwenye kuajiri: kocha wa safu ya mbele na kocha wa viungo wapatikane kabla ya mratibu wa mashambulizi. Ndivyo tunavyoamini, ingawa wakurugenzi hupenda kutangaza jina la mratibu kwanza. Nje ya msimu sheria zinaruhusu saa nane tu kwa wiki za kazi inayohesabika, na sehemu kubwa ya saa hizo huwa mikononi mwa kocha wa viungo. Yeye ndiye anayewaona vijana kila asubuhi, ndiye anayejua nani kalala, nani hajala, nani amepigiwa simu mbaya kutoka nyumbani. Ukimpata anayepiga kelele tu na hajui kupanga mzigo wa wiki hadi wiki, utavuna misuli ya paja iliyochanika mwezi wa Agosti.

Sasa usajili, uliko utajiri wa kazi hii.

Chora duara la mwendo wa saa nne kwa gari kutoka chuoni. Ndani ya duara hilo hakuna kocha wa sekondari asiyejua jina la msaidizi wako mmoja, na amwone kwa macho angalau mara mbili kwa mwaka, pamoja na zile shule zisizo na mchezaji mwaka huu. Vyuo vikubwa vitakuja kuchukua yule mmoja mwenye nyota tano, daraja la juu kabisa wanalopewa vijana wa sekondari. Wewe unatafuta yule ambaye bado hajakomaa. Jordy Nelson alitoka Riley, pua na mdomo na Manhattan, akajiunga na Kansas State mwaka 2003 bila ufadhili, akiwa beki. Wakamgeuza mpokeaji. Mwaka 2007 alipata yadi 1,606, na 2008 akachaguliwa raundi ya pili na Green Bay Packers, timu ya ligi ya kulipwa. Darren Sproles alitoka Olathe, Kansas hiyohiyo. Kimo chake ni sentimita 168 hivi, na vipimo vya wengi vilimkataa. Mwaka 2003, katika fainali ya Big 12, alikimbia yadi 235 dhidi ya Oklahoma iliyokuwa haijafungwa, na timu yake ikashinda 35-7.

Duara la pili ni vyuo vya miaka miwili. Kansas imejaliwa navyo: Butler, Hutchinson, Garden City, Coffeyville. Humo utakuta vijana wa miaka 20 walioshindwa alama za sekondari, au waliochelewa kukua, au waliokimbilia chuo kikubwa wakakosa nafasi. Snyder alivuna sana huko. Kwotabeki Michael Bishop alitoka Blinn, Texas, na mwaka 1998 alishika nafasi ya pili katika tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Faida ni mwili uliokomaa. Hasara ni misimu miwili tu, na masomo. Kabla ya kumpenda mchezaji wa huko, nakala yake ya matokeo ipelekwe kwa msajili wa chuo chako, uulize ni masomo mangapi yatahamia kwenye shahada anayoitaka. Tumeona makocha wakimsubiri mtu miezi sita, kisha Agosti wanaambiwa nusu ya masomo yake ni ya ufundi yasiyohesabika. Nafasi yake imekaa wazi na dirisha limefungwa.

Duara la tatu ni mfumo wa uhamisho, ulioanza Oktoba 2018. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama bila kukaa nje mwaka mzima kama zamani, na hilo limegeuza kazi yote. Mfano unaotajwa kila mahali sasa ni Indiana. Timu hiyo ilishinda tatu na kufungwa tisa mwaka 2023. Ikamwajiri Curt Cignetti kutoka James Madison, naye akaja na waratibu wake wawili, Mike Shanahan na Bryant Haines, pamoja na wachezaji 13 aliokuwa nao kule. Msimu wa 2024 wakashinda 11, wakafungwa mbili tu, na wa 2025 wakamaliza 16-0 na ubingwa wa taifa. Watu wanatazama hayo wanasema ni fedha na uhamisho. Wanasahau kutazama walihamishwa akina nani. Aiden Fisher, Mikail Kamara, D'Angelo Ponds, Elijah Sarratt, James Carpenter: hawa walikuwa tayari wanacheza kila wiki, wanajua maneno ya kocha, wanajua anachukia nini. Walikuja kama waalimu wenye jezi. Ulinzi ulipopangwa mwezi wa Machi, sauti ya kuwasahihisha wenzao ilitoka ndani ya kikosi, na sauti hiyo husikika zaidi ya filimbi.

Kwa hiyo ukiingia sokoni, mtafute aliyecheza. Mtu wa safu ya mbele aliyeanza mechi 24 katika chuo kidogo ni salama kuliko yule mwenye nyota nne aliyekaa benchi miaka mitatu katika chuo kikubwa. Wa kwanza umeshaona akichoka, akikosea, akirudi. Wa pili unanunua sifa za sekondari. Kiasi nacho kina mpaka. Mwaka wa kwanza, kikosi kikiwa kimebomoka, kuchukua wahamiaji 25 hadi 30 kunaeleweka. Mwaka wa pili iwe 15 hivi, wa tatu 10 au 12. Ukiendelea na 30 kila mwaka unarudia kosa la kukopa la 1981: kila Desemba unabaki na karatasi tupu, na hakuna kijana wa sekondari anayekubali kuja mahali ambapo anajua utamletea mtu mkubwa juu yake.

Kumpima mchezaji kuna mambo ambayo hayabadiliki. Usitazame video ya dakika tatu aliyoitengeneza mwenyewe. Omba mechi tatu nzima, moja wapo iwe waliyofungwa. Anza robo ya nne. Tazama anafanya nini mpira ukienda upande usio wake: anakimbia kuufuata au anasimama na mikono kiunoni? Tazama jaribio linalofuata baada ya kukosea. Kwa watu wa safu ya mbele, uliza kama wanacheza mieleka au kurusha tufe, maana mieleka inafundisha kiuno na tufe inafundisha nyonga. Na umpime mwenyewe. Vimo vinavyoandikwa na shule vina kawaida ya kuongeza sentimita tano, na mkono ndio unaosahauliwa: anayecheza pembeni mwa safu ya mbele akiwa na mkono wa chini ya sentimita 83 atasumbuliwa na walinzi wenye mbio, hata awe na nguvu kiasi gani. Mpeleke ndani, acheze katikati.

Masomo yaangaliwe mapema. Kucheza katika daraja la kwanza kunahitaji masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa 2.3 katika masomo hayo. Kijana akifika mwaka wa tatu wa sekondari ukagundua amekosa mawili, bado kuna kiangazi cha kuyafidia. Ukigundua mwaka wa nne mwezi wa Aprili, ndio hivyo tena.

Hapa niseme na wazazi wetu walioko Marekani, hasa familia za Kikongo zinazozungumza Kiswahili katika miji kama Des Moines, Louisville na Dallas. Wavulana wengi huko wanagundua mchezo huu wakiwa na miaka 15 au 16, wamechelewa, lakini wana miili na miguu iliyocheza kandanda. Makocha wa vyuo vidogo na vya kati wanawatafuta vijana wa namna hiyo. Tunzeni vyeti vya shule alikotoka, hata vya kambini, vikiwa na tafsiri rasmi, kwa sababu kituo kinachothibitisha sifa za wachezaji wa vyuo kitaviuliza. Kama kijana ana ukaazi wa kudumu au uraia, anaweza kupokea malipo kama mwenzake yeyote. Kama yuko kwa viza ya mwanafunzi, malipo ya kutumia jina na sura yake yanaweza kugusa masharti ya viza, na jambo hilo aulizwe mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kusaini chochote. Kwa upande wa kocha: ukifika nyumba hiyo, kaa. Kula kilichoandaliwa. Mwamkie bibi shikamoo, na ujue kwamba anayeamua huenda hajakuuliza swali hata moja bado. Atakapouliza, litakuwa juu ya majeraha ya kichwa na juu ya shahada, na yote mawili yajibiwe kwa ukweli wake.

Fedha zipitiwe haraka, kwa sababu zimebadilika na zitabadilika tena. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura. Katikati ya 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa moja kwa moja, kwa kikomo cha dola milioni 20.5 hivi kwa michezo yote ya chuo katika mwaka wa kwanza, na vikosi vya futiboli vikawekewa ukomo wa watu 105 badala ya ufadhili 85. Timu dhaifu isishindanie mpokeaji wa nyota tano. Ataondoka mwakani akipewa zaidi. Fedha ziende kwanza kwenye safu mbili za mbele, ambako bei hupanda polepole na mtu mmoja mzuri huwafanya wanne waonekane wazuri. Kati ya watu 105 weka 16 au 17 safu ya mbele ya mashambulizi, idadi ileile upande wa ulinzi, na wanane wa kila upande wawe tayari wiki yoyote. Kufikia Novemba utawahitaji wote wanane.

Msimu ukianza una saa 20 kwa wiki, na siku moja ya mapumziko kamili. Jumanne na Jumatano ndizo siku za kugongana. Gawa mazoezi katika vipande vya dakika tano, 24 kwa siku, na timu maalumu za mateke zipewe vinne mwanzoni, wakati miguu ina nguvu, badala ya mwishoni kama ilivyo desturi ya makocha wavivu. Teke la kuondoa mpira likizuiwa, umempa mpinzani yadi 40 bila jasho. Timu dhaifu haina yadi 40 za kugawa.

Namna ya kucheza ifuate hali ya kikosi. Katika mechi ya kawaida kila timu hupata mpira mara 12 hivi. Ukiwa dhaifu, punguza iwe tisa: kimbiza mpira, tumia saa hadi mwisho kabla ya kuuanzisha, ishi na yadi nne. Mwenye nguvu anahitaji nafasi nyingi ili ubora wake uonekane, wewe zipunguze. Na kwotabeki akimbie. Anapomkabidhi mkimbiaji mpira kisha akasimama, mashambulizi yanabaki na watu kumi dhidi ya 11. Akikimbia mwenyewe, mkimbiaji anakuwa mzuiaji wa ziada na hesabu inasawazishwa. Kansas State waliishi kwa hesabu hiyo, kuanzia Bishop, Ell Roberson hadi Collin Klein. Ila zaidi ya mara 15 kwa mechi utamvunja, kwa hiyo wa pili wake aandaliwe kwa michoro ileile.

Ratiba pia ni silaha. Vyuo dhaifu hualikwa Septemba na vigogo kwa donge nono, vinakwenda kupigwa na kurudi na majeruhi watano. Snyder alifanya kinyume: mechi za nje ya ligi alizipanga dhidi ya timu alizoweza kuzifunga, akalaumiwa miaka na miaka, hakujali. Alikuwa sahihi. Vijana wasiojua kushinda wanahitaji kushinda ili mazoezi ya Jumanne yaaminike, na fedha za mwaliko mmoja hazirudishi goti la mtu wako wa katikati. Jezi mpya na nembo mpya, ambazo naye alizibadilisha mwaka 1989, zina kazi yake kwa mashabiki na kwa vijana wanaosajiliwa. Kwenye robo ya nne hazisaidii.

Kila Januari andika upya karatasi ile. Majina kwa nafasi, umri, uzito, misimu iliyobaki. Usisome safu ya kwanza; soma ya pili. Mwaka ambao yule wa pili wa katikati, ambaye gazeti halijawahi kumtaja, ana miaka 21, kilo 138, yuko chuoni mwaka wa tatu chini ya kocha yuleyule, na bado ana misimu miwili mbele yake, mwaka huo unaweza kumjibu mtu wa mjini swali lake la kwotabeki.